Maneno ya Hatari katika Kiingereza: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua za karibuni zimeangukia neno moja tu, nalo ni "hatari". Katika Kiswahili neno hili hubeba mzigo mkubwa peke yake, na muktadha humsaidia msikilizaji kujua tunamaanisha nini. Kiingereza kimeugawa mzigo huo kwa maneno kadhaa ambayo hayabadilishani nafasi ovyo, na anayekosea kuchagua anaweza kueleweka vibaya mahali ambapo kueleweka ni suala la uhai.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Katika mafunzo ya usalama kazini tulipewa fomu yenye safu mbili, "hazard" na "risk", nami nikajaza hatari zilezile pande zote mbili. Nimekosea? (Tanga)

Fomu ilikuwa inakuuliza mambo mawili tofauti. "Hazard" ni kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru, iwe imeshamdhuru mtu au bado. "Risk" ni kipimo, yaani uwezekano wa madhara kutokea ukiunganishwa na ukubwa wa madhara yenyewe.

Tuchukue waya wa mashine yako ya kuchomelea, uliochunika mpaka shaba inaonekana, nao umelala sakafuni ukiwa na umeme. Waya huo ni "hazard" asubuhi na jioni, awepo mtu karakanani au asiwepo. "Risk" yake ndiyo inayopanda na kushuka: sakafu ikiwa kavu na mafundi wamevaa buti za mpira, iko chini, mvua ikinyesha, maji yakatuama chini ya meza ya kazi na kijana wako akaanza kupita hapo na kandambili, imepanda sana ingawa waya ni uleule. Ukizungushia eneo hilo kamba ili watu wasipite, umepunguza "risk"; ukiutoa waya na kuweka mpya, umeondoa "hazard". Na kijana yule akiwa ameshainua mguu kukanyaga maji, hapo tunasema yuko "in danger", kwa sababu "danger" ni hatari iliyomkaribia mtu.

Katika maandishi ya kiserikali ya Tanzania utakuta neno "kihatarishi", lakini kwa kuwa limekuwa likitumiwa kwa maana zote mbili, halikusaidii kujaza fomu ya namna hiyo. Kwa maoni yangu ni bora kusema "chanzo cha hatari" kwa safu ya kwanza na "uwezekano wa madhara" kwa safu ya pili, hata kama ni maneno marefu.

Tofauti hii huwatatiza hata wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, katika kundi moja na tumbaku, na watu wengi wakadhani wameambiwa kwamba kula soseji ni sawa na kuvuta sigara. Makundi yale yanaeleza uzito wa ushahidi kwamba kitu fulani kinaweza kusababisha saratani, yaani yanahusu "hazard". Hayasemi ni watu wangapi watakaougua, kwa sababu hilo ni swali la "risk".

Mwanangu alipopata homa kali nilimwandikia muuguzi "My child is dangerous". Alinipigia simu haraka, lakini maswali yake yalinishangaza. (Leeds, Uingereza)

Ulimwambia kwamba mtoto anaweza kuwadhuru watu. "Dangerous" ni sifa ya anayedhuru, na "in danger" ni hali ya anayekaribia kudhurika. Kiswahili hutenganisha maana hizo vizuri kwa silabi moja tu: "ni hatari" si sawa na "yuko hatarini", na hiyo "-ni" ya mwisho ndiyo "in" ya Kiingereza. Kwa mgonjwa, lakini, usikimbilie "danger" hata kidogo. Taja dalili na kiwango cha joto la mwili, kisha useme "She is very ill", na hapo hakuna atakayekuuliza maswali ya ajabu.

Mwalimu amekata sentensi yangu "He risked to lose his job". Kosa liko wapi? (Bujumbura)

Kitenzi "risk" hakifuatwi na "to". Hufuatwa na nomino, au na kitenzi chenye "-ing": "He risked losing his job".

Jambo gumu zaidi, ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita mbio, ni kwamba kinachokuja baada ya "risk" kinaweza kuwa cha aina tatu. Kinaweza kuwa kitu unachoweza kukipoteza, kama katika "risk your life", na hapo Kiswahili kinasema kuhatarisha maisha. Kinaweza kuwa baya linaloweza kukupata, kama katika "risk a fine", na hapo hatusemi "kuhatarisha faini" bali tunasema unaweza kutozwa faini. Au kinaweza kuwa tendo lenyewe unalothubutu kulifanya, kama katika "risk crossing the river", yaani kuthubutu kuvuka mto. Ukijiuliza kwanza ni lipi kati ya hayo matatu, tafsiri huja bila taabu. Kumbuka pia kwamba anaye-"take a risk" ameamua mwenyewe, ilhali anaye-"run a risk" mara nyingi amejikuta humo, pengine bila kujua.

Nimeombwa kutafsiri kibao cha maegesho kisemacho "Cars parked at owner's risk". Nimeandika "Magari yanaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe". Inatosha? (Nairobi)

Haitoshi, kwa sababu Mswahili akiisoma anaweza kudhani mwenye gari ndiye mtu wa hatari. "Risk" katika kibao hicho haina maana ya hatari, ina maana ya dhima: gari likikwaruzwa au likiibwa, hasara ni ya nani? Andika waziwazi, "Ukiegesha gari hapa, hasara yoyote ni juu yako". Iwapo maneno hayo yanamkinga kweli mwenye maegesho mahakamani ni suala la wanasheria.

Lugha ya bima huenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Katika bima "peril" ni tukio linaloleta hasara, kama moto, mafuriko au wizi, na "hazard" ni hali inayoongeza uwezekano wa tukio hilo, kama kuweka madumu ya petroli jikoni. "The risk" huweza kuwa hata ile nyumba au meli yenyewe iliyokatiwa bima, kwa hiyo ukisoma mkataba ukakuta "the risk is located in Mombasa", usitafute hatari gani iko Mombasa, kwani wanasema tu mahali ilipo mali.

Ni kweli kwamba "risk" limetokana na riziki? (Lamu)

Wapo wataalamu waliopendekeza hivyo, yaani kwamba chimbuko ni "rizq" ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyotupa riziki. Wengine wanalihusisha na miamba ambayo mabaharia wa Mediterania waliiogopa. Lililo wazi ni kwamba Kiingereza kililipokea katika karne ya 17 kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kilikuwa kimelitoa katika Kiitaliano. Nyuma ya hapo hawajakubaliana, kwa hiyo usiwafundishe wanafunzi kana kwamba jambo limekwisha.

"Hazard" lilikuwa jina la mchezo wa dadu, na wengi wanalirudisha kwenye neno la Kiarabu la dadu, "az-zahr". "Danger" ndilo linalonivutia kuliko yote: asili yake ni mamlaka ya bwana juu ya aliye chini yake. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, mfanyabiashara Antonio anaulizwa kama amesimama ndani ya "danger" ya Shylock, mkopeshaji anayemdai, na maana yake ni kama yumo mikononi mwake.

Chupa moja ya dawa ya nyanya imeandikwa "Warning", nyingine "Danger". Ipi kali zaidi? (Iringa)

"Danger" ndiyo kali. Wapo wanaodhani kinyume, kwa kuwa "warning" hutafsiriwa onyo na onyo husikika kama amri. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuweka alama kwenye kemikali, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, maneno ya kuashiria ukali ni hayo mawili tu, na "Danger" huwekwa kwa madhara mazito zaidi. Katika vibao vya usalama vya Marekani kuna pia "Caution", ambayo iko chini ya "Warning".

Kabla hata ya kusoma, geuza chupa utazame mkanda wa rangi chini ya lebo. Katika utaratibu unaofuatwa na nchi nyingi, mwekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, na kijani mwishoni. Tafadhali usisome kijani kama ruhusa ya kunyunyiza bila glavu wala barakoa. Nami ninaliogopa kidogo hilo neno letu "dawa", kwa sababu lebo ya Kiingereza huweza kuandika "poison" mahali ambapo sisi tunatumia neno lilelile tunalompa mtoto mwenye kikohozi.

Ninaendesha lori la mafuta. Matangi mengine yameandikwa "flammable", mengine "inflammable". Hayo ya pili hayashiki moto? (Dodoma)

Yanashika moto sawasawa na hayo ya kwanza, na ninaomba uwaambie wenzako. Ile "in-" siyo ya kukanusha kama katika "incorrect". Imetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha moto. Kwa kuwa watu walikuwa wakichanganyikiwa, wataalamu wa kuzuia moto wa Marekani walianza katika miaka ya 1920 kuhimiza "flammable", na kisichoshika moto huitwa "non-flammable". Tangi lililobeba petroli ni "hazard" hata likiwa limepaki. Likipinduka na watu wakalikimbilia na madumu, tunajua kilichotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Simu yangu ilitoa tangazo la "tornado watch", na baada ya saa mbili "tornado warning". Nilidhani ni tangazo lilelile limerudiwa. (Kansas, Marekani)

Halikurudiwa. "Watch" inasema hali ya hewa inaruhusu "tornado", yaani kimbunga chembamba kinachozunguka kwa kasi, kutokea katika eneo pana kwa saa kadhaa zijazo. "Warning" inasema kimeonekana kwa macho au kwa rada, tena karibu na ulipo. Ukilinganisha na lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ngazi ya "angalizo" iko chini ya "tahadhari". Lakini usiutegemee sana ulinganisho huo, kwa sababu tahadhari ya mvua kubwa inaweza kukupa siku nzima ya kujiandaa, na "tornado warning" inakupa dakika. Ukipata "watch", chaji simu, vaa viatu, jua watoto wako wapi. Ukipata "warning", shukeni wote ghorofa ya chini kabisa, ingieni chumba cha katikati kisicho na madirisha, na msitoke mpaka muda wa tangazo uishe.