Shangazi Anajibu: Kukunja Nywele Nyumbani Bila Moto

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 24, na nywele zangu, ambazo huzitia dawa, zinafika mabegani. Kila ninapokuwa na shughuli huzikunja kwa pasi ya nywele, na sasa ncha zimepauka na hukatika nikizichana tu. Mwezi ujao dada yangu anaolewa. Je, naweza kupata mikunjo ya kupendeza kwa vitu vilivyomo nyumbani, bila moto?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi. Unaweza, tena bila kununua chochote. Ila kabla hujaanza kutafuta vitambaa, elewa kwamba kinachokunja nywele si kile unachozizungushia, bali ni kule kukauka kwake zikiwa zimezungushwa. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake mna viunganishi vidogo vya haidrojeni ambavyo huachia unywele unapolowa na kushikana upya unapokauka. Ukikauka ukiwa umezunguka kitambaa, utashika umbo hilo mpaka utakapopata maji au unyevu mwingi. Pasi huifanya kazi hiyo kwa sekunde chache, lakini pasi nyingi hufika nyuzi joto 200, na kwa joto la namna hiyo protini yenyewe huanza kuharibika. Nywele zako zimekwisha kudhoofishwa na dawa, ambayo huvunja viunganishi vyake vya ndani vilivyo imara zaidi, kwa hiyo ncha hizo zinakatika kwa sababu zimeelemewa mara mbili.

Kwa urefu wako ningechagua vipande vya kanga kuukuu, maana pamba iliyofuliwa sana ni laini na hunyonya maji. Chana vipande vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa kama sentimita 25. Osha nywele, tia kondishena, suuza, kisha zichambue taratibu kwa kitana chenye meno mapana, kwa kuwa unywele uliolowa huvutika na kukatika upesi. Subiri hadi ziwe na unyevu tu, zisidondoshe tone. Chukua fungu lisilozidi unene wa kidole gumba, weka ncha zake katikati ya kitambaa zikiwa zimelala bapa, funika ncha hizo kwa ukingo wa kitambaa, kisha zungusha kuelekea kichwani na ufunge fundo. Hatua hiyo ya ncha ndiyo wengi wanayoiharakisha: ncha ikitokeza nje au ikijikunja itakauka na kona, na hakuna mafuta yatakayoiondoa kona hiyo siku ya shughuli. Usikaze hadi ngozi ya paji ivutike, kwa maana nywele za ukingoni huvutwa leo na kunyonyoka baadaye.

Sasa tuje kwenye kukauka. Hewa ya Tanga ina unyevu, hivyo usianze wakati wa kulala. Anza mchana, ukae penye upepo, na usiku ujifunge mtandio mwepesi, kamwe si mfuko wa plastiki. Asubuhi fungua kipande kimoja cha kisogoni na uziguse nywele zake kwa shavu. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo. Zungusha tena na usubiri, hata kama nywele za juu zimekauka kabisa. Zikiwa tayari, fungua vyote, paka tone la mafuta ya nazi vidoleni na uachanishe kila mkunjo kwa mkono, bila kitana.

Soksi ndefu hutoa mawimbi makubwa kwa njia hiyohiyo. Mirija ya soda hutoa mikunjo midogo iliyokaza, lakini siipendekezi kwa mtu anayekwenda kuilalia. Uzi mweusi wa kusukia usiutumie kwa shughuli hii, kwa sababu ukizungushwa kuanzia shinani hadi nchani hunyoosha nywele badala ya kuzikunja. Fanya jaribio wiki mbili kabla ya harusi, na ikiwa utatia dawa, acha siku kadhaa zipite ngozi ya kichwa itulie ndipo ufunge vitambaa.

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Binti yangu wa miaka 8 ana nywele asili za kipilipili. Jirani amenishauri nimpake maji ya sukari ili mikunjo ishike. Ni sawa?
Mama, Morogoro

JIBU: Waaleikumu salaam, mama. Maji ya sukari hushika kweli, lakini hunata, huita sisimizi, na hufanya nywele zikakamae. Tumia bamia. Katakata bamia tano au sita, zichemshe katika kikombe kimoja cha maji hadi ute utoke, chuja kwa kitambaa safi, uache upoe, kisha upake kwenye nywele zenye unyevu. Utakaobaki utakaa siku chache katika jokofu. Mshubiri pia unafaa, mradi jani lililokatwa lisimamishwe kwanza ili maji yake ya njano yatoke, kwani huwasha ngozi. Na uanze kwa kumpaka kidogo nyuma ya sikio. Nywele za binti yako hazihitaji kitambaa wala soksi. Zisokote mbilimbili kwa misokoto midogo, ziache zikauke kabisa, kisha uifungue kwa kuanzia nchani. Mikunjo anayo tayari, na kazi yako ni kuipanga.

SWALI: Mikunjo yangu hupendeza asubuhi, lakini ikifika saa sita mchana imelala. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Unyevu wa hewa ya bahari huingia katika unywele na kuvilegeza vile viunganishi nilivyovitaja. Punguza ukubwa wa mafungu ili mikunjo ianze ikiwa imekaza, epuka mafuta na jeli zenye gliserini kwa sababu huvuta unyevu huo, na usifungue vitambaa hadi utakapokuwa umekwisha kuoga, kuvaa na kujipamba. Njiani ifunike mikunjo kwa skafu, na uivue ukifika unakokwenda, si kabla.