Kwa Wauguzi Wapya wa Vijijini Dodoma: Anzeni na Mwili Wenye Afya

Ninyi mnaopangiwa zahanati za Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa kwa mara ya kwanza mtashawishika kuanza elimu ya afya ya uzazi kwa kisonono, kaswende na VVU, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa kwenye mabango ya ukutani. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi katika kliniki ya mama na mtoto, ni kuanza na mwili unaofanya kazi vizuri, kwa sababu mtu asiyeijua hali ya kawaida hawezi kutambua iliyoharibika, na badala ya kuja kwenu mapema ataitafutia maelezo kwingine.

Angalieni suala la lawalawa. Katika mikoa ya Dodoma na Singida jina hilo hutumika kwa muwasho na maambukizi ya sehemu za siri, na wapo wazee wanaoamini kwa dhati kwamba kwa mtoto wa kike tiba yake ni ukeketaji, ambao mara nyingine hufanywa kwa siri angali mchanga. Maambukizi hayo kwa kawaida ni ya bakteria au fangasi, hutibika kwa dawa, na ukeketaji huongeza tu jeraha, damu na hatari ya maambukizi mapya. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na ni lazima mlifahamu hilo. Hata hivyo, bibi aliyekesha na mjukuu anayelia anahitaji pia maelezo. Mlazeni mtoto penye mwanga, mkiwa na ruhusa ya mama yake, mwonyesheni bibi jinsi tundu la mkojo, uke na njia ya haja kubwa zilivyokaribiana, kisha mwelezeni kwa nini mtoto hufutwa kutoka mbele kwenda nyuma. Nimewaona mabibi wakiinama kutazama kwa makini, kisha wakiuliza wenyewe dawa hiyo hutolewa mara ngapi kwa siku.

Ushauri wenu wa usafi uzingatie pia kiangazi cha huku, wakati ndoo moja ya maji hugombaniwa na jiko, mifugo na watoto. Mwanamke hahitaji maji mengi: kuosha sehemu ya nje kwa maji safi kunatosha, kwa kuwa bakteria wa asili walio ukeni hutengeneza asidi inayozuia vijidudu, na anayejiosha ndani kwa vidole na sabuni huuondoa ulinzi huo.

Kuhusu hedhi, msiwafundishe watu kwamba kila mwanamke hutoa yai siku ya 14. Mzunguko wa mtu mzima huwa kati ya siku 21 na 35, na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, hivyo mwenye mzunguko wa siku 35 hulitoa karibu na siku ya 21. Yai huishi kwa muda usiozidi saa 24, ilhali mbegu za kiume zaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Wengi waliopata mimba wakiamini wamekwepa siku za hatari hawakuwa wameelezwa jambo hili.

Wanaume nao msiwaache nje chini ya mti. Wanandoa wakitafuta mtoto kwa mwaka mzima bila mafanikio, pimeni wote wawili, kwa kuwa katika karibu nusu ya hali hizo tatizo huwa kwa mwanaume pia, ingawa lawama zote humwangukia mke. Mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa na kukomaa, ndani ya korodani zinazohitaji ubaridi kidogo kuliko mwili, na kwa hiyo homa kali ya leo huonekana katika kipimo cha baadaye. Waelezeni pia kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba. Ndoa kadhaa ninazozifahamu zingepata amani kwa sentensi hiyo moja.

Kwa vijana wa kiume kuna dharura moja ambayo aibu huifanya mbaya zaidi. Maumivu makali ya ghafla ya korodani yanaweza kumaanisha kwamba imejisokota na kukosa damu, na uwezekano wa kuiokoa hupungua sana baada ya saa 6 za mwanzo. Msimpe vidonge vya maumivu na kumwambia arudi kesho. Mpeni rufaa wakati huohuo, hata ikiwa ni usiku.

Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapelekeni kwenye chanjo ya HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, chanjo ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja nchini. Mama zao wahimizeni wafanyiwe uchunguzi wa shingo ya kizazi, na kabla mama hajapanda kitandani mwelezeni kwamba mtapaka siki hafifu, mtasubiri kidogo, na mtatafuta sehemu iliyogeuka kuwa nyeupe.