Alamu ya pikipiki: ifunge, ila isiwe peke yake

Mdogo wangu, umeuliza kama alamu itakulindia pikipiki ya mkataba unayoilaza uani hapo Nkuhungu. Itasaidia, ila usiitegemee yenyewe tu.

Kazi ya alamu ni kupiga kelele. Inamtisha mwizi mmoja anayechokonoa swichi. Wakija watatu na kirikuu, wanaibeba ikiwa inalia hivyohivyo.

Halafu kuna huu upepo wetu wa Dodoma. Yangu, Julai na Agosti, ilikuwa inalia mara tatu nne kwa usiku. Wapangaji wenzangu wakazoea. Siku mtu alipoishika usukani kweli, hakuna aliyefungua mlango. Mimi mwenyewe niliamshwa na mbwa wa jirani. Roho iliniuma sana, maana ndiyo iliyokuwa inalisha watoto. Kwa hiyo mwambie fundi aipunguzie wepesi wa kushtuka, na king'ora akifiche ndani, chini ya tangi, mkono usikifikie haraka.

Kama hela ni ya kitu kimoja tu, nunua kwanza mnyororo mnene na kufuli zito. Upitishe kwenye rimu na fremu, uufunge kwenye nguzo au nondo za dirisha. Usiuache ulale chini, nyundo itapata pa kuupigia. Ongeza swichi ya siri ya kukata umeme. Mahali ilipo ujue wewe na fundi unayemwamini.

Alamu inakula betri hata pikipiki ikiwa imezimwa. Ukisafiri wiki mbili, chomoa waya wa betri, pikipiki iingize ndani.