Kilichonichosha Si Kazi, ni Kujua Peke Yangu

Wiki hii mmetuuliza wasomaji mambo mawili: mwaka wa kwanza wa mtoto uliibadilisha vipi familia yenu, na ni jambo gani ambalo hamkuelezwa na mtu kabla hamjafika huko. Nimeupitia mwaka huo mara mbili. Kifungua mimba wetu ni msichana wa miaka mitano, na mdogo wake wa kiume ametimiza mwaka hivi karibuni. Baba yao ni mmoja, kazi zetu hazikubadilika, na wote wawili walizaliwa wakiwa na afya njema. Hata hivyo, mwaka wa kwanza wa dada mtu ulituacha hoi, tukisemeshana kwa shida, ilhali ule wa mdogo wake, ambao ulitarajiwa kuwa mgumu zaidi kwa kuwa sasa watoto walikuwa wawili, ulipita bila sisi wazazi kuchokana. Jibu langu linahusu kilicholeta tofauti hiyo, kwa sababu ndicho ambacho sikuwahi kuambiwa.

Kuhusu usingizi tuliambiwa sana, na tuliyoambiwa yalikuwa kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kwamba mtoto aliye katika miezi mitatu ya mwanzo anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku, na mzazi mtarajiwa akisoma hivyo anaweza kudhani kwamba naye atapata wasaa wa kutosha wa kupumzika. Hesabu hiyo haisemi kwamba saa zenyewe huja vipandevipande, kwa kuwa kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo, na mwili wake bado haujajua kutenganisha usiku na mchana. Uchovu wa namna hiyo ni mkali, lakini una dawa: akitokea mtu wa kumshika mtoto ukalala saa tatu mfululizo, unaamka umepata nguvu. Uchovu ninaotaka kuuzungumzia haukuondoka hata nilipolala.

Ni uchovu wa kuwa mtu pekee anayejua. Kwa mtoto wa kwanza, mimi ndiye niliyejua alinyonya titi lipi mara ya mwisho, nepi ilibadilishwa saa ngapi, chanjo inayofuata ni tarehe ngapi, fulana zipi zimeanza kumbana shingoni, na kilio kipi ni cha njaa na kipi ni cha chango. Mume wangu hakuwa mvivu hata kidogo. Alifua, alideki, alimbeba mtoto usiku akizunguka naye sebuleni, na kila aliporudi kutoka kazini neno lake la kwanza lilikuwa, "Mke wangu, nikusaidie nini?" Lilikuwa swali la upendo, na wakati huo sikuweza kueleza kwa nini lilinikera. Leo naweza. Ili nimjibu, ilinibidi kwanza niipitie nyumba nzima kichwani, nione kilichosalia, nipime kipi kinaweza kungoja, nimkabidhi kazi moja, halafu nikumbuke kuangalia kama imekwisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami naongeza kwamba huu hata kanda lake halionekani, kwani anayemkuta mama ameketi akinyonyesha humwona amepumzika, wala hajui kwamba wakati huohuo anahesabu nepi zilizobaki.

Nilipopata mimba ya pili tulikaa tukazungumza mapema, kabla mwili haujaanza kunielemea. Tuliafikiana kwamba safari hii hatutagawana kazi, tutagawana mambo. Yeye alichukua jambo zima la kliniki na chanjo, tangu kuijua tarehe hadi kumpakata mtoto anapochomwa sindano, alichukua nguo, tangu kuona kwamba zimembana hadi kutafuta nyingine, alichukua kumwogesha, na jioni zote za binti yetu, kuanzia chakula mpaka hadithi ya kulalia, zikawa zake. Mimi nilichukua kunyonyesha, homa na mafua, na baadaye chakula cha kulikiza. Mwenye jambo ndiye anayelikumbuka na kulipanga, na ndiye anayeulizwa. Mwenzake akitaka kutia mkono, anautia kwa maelekezo yake.

Sehemu ngumu ya mapatano hayo ilikuwa yangu. Mume wangu hamwogeshi mtoto kama nilivyokuwa nikimwogesha dada yake. Humlaza juu ya mkono wa kushoto, akamnyunyizia bega kwanza ili mwili uyazoee maji, kisha huanzia shingoni, akiifunua mikunjo mmoja mmoja kwa ncha ya kidole kwa sababu maziwa aliyocheua hujificha humo na kuchubua ngozi, na muda wote huo humsimulia kila anachokifanya kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Shughuli hiyo hurefuka mpaka maji yanaongezwa. Mwanzoni nilikuwa nikisimama mlangoni na maneno tele mdomoni, hadi nikajizoeza kwenda chumba kingine. Naamini wengi wetu akina mama tunakwama hapo hapo: tunataka mwenzetu alibebe jambo, lakini alibebe kwa mikono yetu.

Yapo, bila shaka, yasiyogawanyika. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, asipewe chakula wala kinywaji kingine, hata maji, mpaka atimize miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Ushauri huo una sababu za msingi. Maziwa ya mama humkinga na maradhi ya kuhara na ya njia ya hewa, na ni kuanzia kama miezi sita ndipo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua na chakula kingine kikahitajika. Sasa uweke kando ya ushauri huo Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaotaka likizo ya uzazi isipungue wiki 14. Wiki 14 ni miezi mitatu na siku chache. Mwanamke anayepewa kiwango hicho cha chini, na ambaye angependa kuufuata ushauri wa wataalamu wa afya, anabaki na karibu miezi mitatu ambayo lazima aivuke kwa akili yake mwenyewe na kwa fadhila za waliomzunguka. Wapo wanawake wengi ambao hata hizo wiki 14 hawazipati, na kwangu mimi kuwahubiria hao faida za kunyonyesha bila kugusa suala la likizo ni kuwatwisha lawama isiyo yao.

Mimi nilirudi kazini kabla ya mtoto kufikisha miezi sita, nikawa nakamua maziwa. Hapo mapatano yetu yaliniokoa kweli. Jambo la maziwa yaliyokamuliwa lilihamia kwa mume wangu lote: ndiye aliyejua kwamba yakiwekwa wazi chumbani yasizidi saa nne na kwamba kwenye jokofu yanaweza kukaa hadi siku nne, ndiye aliyeandika tarehe na saa kwenye kila chupa, na ndiye aliyehakikisha ya zamani yanatumika kwanza. Nikiwa kazini sikulazimika kupiga simu kuulizia. Anayenyonyesha anajua utulivu huo una thamani gani, kwa maana wasiwasi nao unaweza kuyazuia maziwa yasitoke vizuri.

Binti yetu alimpokea mdogo wake kwa adabu, na baada ya wiki chache akauliza mgeni huyu anarudi kwao lini. Kisha akaanza kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha kitambo, na kutaka kulishwa kwa kijiko na mtu mwingine. Ndugu na jamaa waliona ni deko. Sisi tuliona mtoto anayejaribu kurudi mahali ambapo aliona pana faida, na hatukumwaibisha. Jioni zake na baba yake ndizo zilizomtuliza kuliko maneno yetu ya kumsifu kwamba sasa yeye ni dada mkubwa, sifa ambayo, ukiitazama kwa jicho la mtoto wa miaka minne, ni cheo bila mshahara. Kichekesho ni kwamba kicheko cha kwanza cha sauti cha huyo mdogo hakikuwa chetu wazazi tuliokuwa tukimchekea usiku na mchana. Kilikuwa cha dada yake, aliyekuwa akirukaruka na soksi kichwani wala hata hakuwa akimtazama.

Akifikisha kama miezi minane mtoto hubadilika. Zamani kitu kikiondoka machoni pake kilikuwa kimekwisha. Sasa anajua kwamba kipo mahali, na anakitaka. Wetu aliligundua hilo kwa kijiko. Alikiachia kutoka kwenye kiti chake, akainama kukitazama sakafuni, akamtazama aliyekuwa karibu, akakipokea, akakiachia tena, kwa umakini wa fundi anayejaribu mashine. Ujuzi huohuo ndio unaoleta kilio cha kuachwa, maana mtoto anayejua kwamba mtu aliyeondoka bado yupo mahali fulani ana kila sababu ya kudai arudishwe. Dada yake katika umri huo alikuwa akinililia mimi tu, akinifuata hadi bafuni, na akipokewa na baba yake aligeuza uso. Huyu alimlilia baba yake. Asubuhi moja alitambaa hadi mlangoni akaugonga kwa viganja baada ya baba kutoka, nami niliyekuwa nyuma yake nikiwa nimenyoosha mikono nikawa kama sipo.

Nakiri kwamba nilichomwa na wivu. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiomba mzigo ugawanywe, na mzigo ulipogawanywa nikatambua kwamba pamoja nao niligawa na kile cheo cha kuwa mtu pekee anayeweza kumnyamazisha. Nadhani hii ndiyo sababu mgawanyo wa kweli ni mgumu hata kwa wale wanaoutaka. Kuchoka kuna malipo yake: anayebeba yote ndiye anayehitajiwa na wote, na si kila mama aliye tayari kuyaacha malipo hayo, hasa kama huko nje ya nyumba hakuna mwingine anayemwambia kwamba anafaa. Mimi nilihitaji wiki kadhaa kabla sijaanza kufurahi kwamba mwanangu ana mahali pawili pa kukimbilia.

Lingine nitalipitia haraka kwa kuwa limeshatuchosha. Mtoto wetu ametimiza mwaka na hatembei. Anasimama dede, anashika kiti, anaketi. Kila anayetutembelea anauliza. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya miezi minane na karibu miezi kumi na minane, kwa hiyo tunaomba aachwe aendelee na kiti chake.

Narudi kwa akina mama, maana kuna sifa moja inayonitia hofu. Mwanamke aliyejifungua akionekana anafanya kila kitu mwenyewe, husifiwa kwamba ni shujaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na huenda baadhi yao wamo miongoni mwa hao tunaowapigia makofi. Aliyeitwa shujaa na kila mtu atamwambia nani kwamba analia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa, kwamba mtoto akilala yeye hawezi kulala, kwamba hajisikii chochote anapomtazama? Hali hiyo ikizidi wiki mbili si uchovu wa kawaida, ni ya kupelekwa kwa mhudumu wa afya, na hutibika. Ila wa kuigundua mapema ni mtu mwingine ndani ya nyumba anayezijua siku na saa za mtoto yule, kwa sababu yeye ndiye atakayeona kwamba mama hali wala halali ilhali mtoto yuko salama. Anayesubiri kuambiwa asaidie nini hawezi kuliona. Kwa walio peke yao, mtu huyo anaweza kuwa mama mzazi, dada, shangazi au jirani, mradi naye akabidhiwe jambo zima aliangalie kila siku, badala ya kuitwa kila inapotokea dharura.

Mwaka umekwisha na sasa tunagawana upya. Homa na mafua nimeyakabidhi kwa baba yao, naye kanirudishia nguo, ambazo anasema zimemshinda tangu mtoto aanze kuvaa viatu. Kliniki ameing'ang'ania. Jambo ambalo bado halina mwenyewe ni kumwachisha ziwa la usiku: kila mmoja wetu ana hoja nzuri kwa nini ni la mwenzake, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyeshinda.