Picha ya BBC iPlayer na thamani ya leseni ya televisheni: nilivyoviona sebuleni kwangu

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili: kwa nini picha ya BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi kwa intaneti, inaonekana hafifu kwenye runinga yako mpya ya inchi 55 ilhali runinga yenyewe ni ya 4K, na kama kuna sababu ya kuendelea kulipia leseni ya televisheni ya Uingereza, yaani ada ya kila mwaka ya kutazama televisheni, wakati watoto wako wanatazama zaidi huduma nyingine. Ninaishi Coventry, Uingereza, na leseni hiyo nimeilipa kila mwaka tangu 2018, ilipokuwa pauni 150.50, nikaendelea nayo hata ilipofika pauni 174.50 Aprili 2025, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Nianze na picha. Runinga kuwa ya 4K hakukifanyi kila kipindi kuwa cha 4K. Sehemu kubwa ya vipindi vya iPlayer hutolewa kwa HD, kiwango cha picha kilicho chini ya 4K, na kwa miaka mingi HD hiyo ilikuwa ya pikseli (nukta zinazounda picha) 1280 kwa 720, kwa fremu (picha moja moja) 50 kila sekunde. Wengi wakisikia 720 hudharau, lakini fremu hizo 50 zina kazi kubwa, kwa maana ndizo zinazofanya mpira uliopigwa kwa nguvu uonekane ukisafiri angani badala ya kuacha ukungu nyuma yake, na mimi ningechagua 720 ya fremu 50 kuliko 1080 ya fremu 25 wakati wowote ninapotazama mechi. Udhaifu wake hujitokeza kwingine: nyasi za mbali, nyuso za watu waliokaa jukwaani, maandishi madogo ya matokeo. Hesabu yake ni rahisi, kwani skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, hivyo kila pikseli moja inayoletwa na picha ya 720 hutandazwa ili ijaze nafasi ya pikseli tisa. Ukikaa mita moja na nusu kutoka kwenye skrini ya inchi 55 utaliona hilo. Ukikaa mita tatu, hutaliona kwa urahisi.

UHD ya kweli, yaani picha ya 4K, ipo, ila ni ya vipindi vilivyochaguliwa. Desemba 2017 BBC iliweka mfululizo mzima wa Blue Planet II, vipindi vyake kuhusu bahari, kwa UHD, na mwaka uliofuata mechi zake za Kombe la Dunia la Urusi zikatiririshwa hivyo kwa majaribio, nafasi zikiwa na kikomo na aliyewahi ndiye aliyepata. Picha hizo hutumia mfumo wa mwanga uitwao HLG, ambao BBC iliubuni pamoja na NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani. Hapa ndipo runinga nyingi za zamani zinapoachwa nyuma, kwa sababu kuna zinazotangazwa kuwa za 4K na HDR (picha yenye upana mkubwa wa mwanga, ambayo HLG ni aina yake moja) lakini HLG haziitambui, na kwenye runinga ya namna hiyo chaguo la UHD halitokezi kabisa katika iPlayer. Kabla ya kulaumu chochote, tafuta neno HLG katika orodha ya sifa za runinga yako.

Kwangu mimi, tatizo halikuwa runinga wala huduma. Ruta yetu ilikuwa ukumbini, karibu na mita ya umeme, na kati yake na sebule palikuwa na kuta mbili za matofali. Tulikuwa tukilipia intaneti ya megabiti 60 kwa sekunde, nami nikaamini kwamba ndiyo inayofika kwenye runinga. Siku nilipopima kasi nikiwa nimekaa kwenye kochi, simu ikiwa kando ya runinga, nilipata megabiti 9, na jioni watoto wakiwa mtandaoni ikashuka hadi 4. Mtiririko wa HD unahitaji takriban megabiti 5. Kasi ikipungua, iPlayer haikatiki bali hushusha ubora kimyakimya, na mtazamaji huona picha yenye ukungu asijue kwamba hiyo siyo picha iliyokusudiwa. UHD kamili inataka takriban megabiti 24, kwa hiyo kwenye kochi letu isingewezekana kamwe.

Nilinunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha chini ya ukuta kandokando ya sakafu hadi nyuma ya runinga. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na niliiona vizuri zaidi katika picha za kina cha bahari: hapo mwanzo, mahali rangi ya buluu inapofifia kuelekea weusi palionekana mistari mistari kama ngazi, na baada ya waya rangi ikawa inatelemka taratibu bila kukatika. Naisisitiza sana habari hii ya waya kwa sababu nimewaona ndugu wawili wakinunua runinga nyingine pasipo haja, wakarudi kwenye ukungu uleule. Usishtuke ukisikia kwamba tundu la waya la runinga nyingi lina kikomo cha megabiti 100, zinatosha kabisa.

Angalia pia matumizi ya data ikiwa unatumia intaneti ya simu. Saa moja ya HD kwa megabiti 5 ni takriban gigabaiti 2.25, na saa moja ya UHD kwa megabiti 24 hukaribia gigabaiti 11.

Sasa thamani. Kwa bei ya Aprili 2025, pauni 174.50 kwa mwaka zilikuwa kama pauni 14.54 kwa mwezi, ingawa anayeanza kulipa kila mwezi kupitia benki kwa kawaida humaliza leseni ya kwanza ndani ya miezi sita, hivyo usishangae ukikatwa karibu mara mbili ya hapo mwanzoni (kwa bei hiyo ilikuwa takriban pauni 29). Malipo hayo ni ya nyumba nzima, vifaa vyote, hakuna matangazo ya biashara, na UHD haitozwi nyongeza, wakati huduma kadhaa za kibiashara huiweka katika kifurushi cha bei ya juu. Lakini ikiwa mmepanga vyumba na kila mmoja ana mkataba wake, leseni ya mwenzako haikufuniki wewe. Tangu 1 Septemba 2016 leseni inahitajika kwa kipindi chochote cha BBC katika iPlayer, hata kama hukitazami moja kwa moja, na inahitajika pia kwa televisheni yoyote ya moja kwa moja. Kama kweli nyumbani kwako hakuna anayetazama hayo, mnatazama tu vipindi vya kuchagua vya huduma nyingine, sheria haikulazimishi, nami sitakushawishi ulipie usichokitumia.

Kwangu kuna sababu nyingine. Tangu Aprili 2014 sehemu ya ada hiyo inaigharimia BBC World Service, huduma ya kimataifa ya BBC, na ndani yake imo Idhaa ya Kiswahili iliyoanza 27 Juni 1957, ambayo marehemu baba yangu aliisikiliza Tanga kila jioni bila kutoa hata senti. Kusikiliza redio hakuhitaji leseni hadi leo, na ninafurahi kuwa miongoni mwa wanaoilipia.

Jambo la mwisho ni mpira, kwa kuwa umesema shemeji zako huja kwako siku za mechi. Mtiririko wa moja kwa moja huchelewa nyuma ya matangazo ya antena, na ule wa UHD huchelewa zaidi, hivyo jirani mwenye antena atashangilia bao kabla yenu. Sisi siku za fainali huchomeka antena na kuridhika na HD ya kawaida, kisha marudio huyatazama usiku, watu wakiwa wameondoka.