Maswali ya Wasomaji: Diski Iliyopachikwa ni ya Sheli Ipi?

Swali: Mhariri, ninatumia Linux na kwa kawaida huwa nimefungua sheli tatu, yaani programu za kupokea amri ninazoandika, kwa wakati mmoja. Nilipachika diski ya nje, yaani niliiunganisha kwa amri ya `mount`, kwenye saraka (folda) ya `/mnt/kazi` kupitia sheli ya kwanza, kisha nikaifunga sheli hiyo nikidhani diski nayo itaondoka. Haikuondoka. Katika sheli ya pili niliingia ndani ya saraka hiyo kwa `cd`, nikaangalia yaliyomo, halafu nikajaribu kuipachua diski. Kompyuta ilikataa ikisema inatumika, ilhali sikuwa nimefungua faili lolote. La kunishangaza zaidi, sheli ya tatu, ambayo nilikuwa nimeiacha ndani ya saraka hiyohiyo tangu asubuhi, ilionyesha kuwa saraka ni tupu. Je, diski hii ni mali ya sheli ipi?

Jibu: Si mali ya sheli yoyote. Amri ya `mount` hupeleka ombi kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kerneli ndiyo inayotunza orodha ya vyote vilivyopachikwa. Sheli ni mjumbe tu, na mjumbe akiondoka, ujumbe aliokwisha kuufikisha haufutiki. Andika `findmnt` katika sheli yoyote kati ya hizo tatu na utaona orodha ileile.

Katika sheli ya pili, aliyeishikilia diski ulikuwa wewe mwenyewe. Kila mchakato, yaani programu inayoendelea kufanya kazi, sheli ikiwemo, una saraka ambamo umesimama, na kwa kerneli kusimama huko ni matumizi kamili, sawa na kufungua faili. Toka kwanza kwa `cd /`, kisha ipachue. Ikiwa bado inakataa, amri ya `fuser -vm /mnt/kazi` itakutajia kila mchakato unaoitumia diski, na herufi c mbele ya mchakato humaanisha kuwa umesimama ndani yake. Iendeshe kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu (root), kwani bila hayo huenda usiione michakato ya watumiaji wengine.

Wapo watakaokushauri utumie `umount -l`. Mimi sikushauri kuifanya mazoea. Amri hiyo huliondoa jina la diski kwenye mti wa saraka papo hapo, lakini muunganisho wenyewe hubaki hai hadi mchakato wa mwisho utakapoiachia, na katika muda huo mchakato huo unaweza kuendelea kuandika. Mtu huona saraka imekuwa tupu, huamini kazi imekwisha, huchomoa waya, na kwa kufanya hivyo hupoteza data ambayo ilikuwa bado haijafika kwenye diski.

Jambo la sheli ya tatu ndilo ninaloomba ulisome kwa makini, kwa sababu halitoi onyo lolote. Sheli hiyo iliingia `/mnt/kazi` kabla ya diski kupachikwa, na kupachika hakubadilishi mahali ambapo mchakato umekwisha kusimama. Hufunika tu njia ya kufikia mahali hapo. Kwa hiyo sheli yako imebaki katika saraka ya zamani, chini ya diski, ingawa jina inaloonyesha ni lilelile. Ukinakili faili hapo bila kuandika njia kamili, litaangukia kwenye diski ya ndani ya kompyuta, na hutaliona tena kwa njia ya kawaida mpaka diski ya nje ipachuliwe. Dawa yake ni kuingia upya kwa `cd /mnt/kazi`. Ikiwa una hofu kwamba yapo mafaili yaliyofichika namna hiyo, ipachue diski na uangalie saraka ikiwa wazi.

Kama unapachika kwa skripti, yaani faili lenye mfululizo wa amri, ambayo sheli mbalimbali zinaweza kuiita, ianze kwa kuuliza kwa `mountpoint -q /mnt/kazi` kama tayari kuna kitu kilichopachikwa hapo, na hatua zote mbili, yaani kuuliza na kupachika, zifungwe ndani ya `flock`, amri ya kufuli inayoruhusu mmoja tu kwa wakati. Vinginevyo sheli mbili zinaweza kuuliza kwa wakati mmoja, zote zikajibiwa kuwa hakuna kitu, na zote zikaendelea kupachika.

Endapo kweli unataka diski ionekane katika sheli moja tu, inawezekana. Tangu toleo la 2.4.19 la mwaka 2002, kerneli ya Linux huweza kuupa mchakato orodha yake ya faragha ya vilivyopachikwa. Kama mtumiaji mkuu, andika `unshare --mount bash`: utakachokipachika ndani ya sheli hiyo mpya hakitaonekana kwenye sheli nyingine, na kitaondoka chenyewe mchakato wa mwisho wa humo utakapokwisha. Hapo ndipo dhana yako ya awali ingekuwa sahihi.

Swali: Katika Windows nimeipa folda ya mtandao herufi Z. Nikifungua dirisha la amri kama msimamizi, Z haipo. Imekwenda wapi?

Jibu: Haijaondoka, iko katika kikao kingine. Windows huhifadhi herufi za folda za mtandao kwa kila kikao cha kuingia, na tangu Windows Vista msimamizi anapoingia hupewa vikao viwili, kimoja cha kawaida na kimoja chenye mamlaka kamili. Rudia `net use`, amri ya kuipa folda ya mtandao herufi, ndani ya dirisha la msimamizi, au, jambo ninalolipendelea katika skripti, acha herufi na uandike njia kamili inayoanza na `\\`. Angalia pia kwamba katika PowerShell, sheli nyingine ya Windows, herufi iliyotengenezwa kwa `New-PSDrive` bila `-Persist` huishi ndani ya kikao hicho kimoja tu cha PowerShell na hufa pamoja nacho.