Poti 80 bila kuwa root

SWALI: Shikamoo fundi. Shuleni kwetu nina programu ndogo ya Python, wanafunzi wanaitumia kutafuta vitabu vya maktaba. Iko kwenye seva ya Debian, inaendeshwa na Gunicorn, seva ya wavuti ya programu za Python. Mkaguzi ameikuta inaendeshwa na root, yaani mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, akaniagiza nibadilishe. Nimeandika User=maktaba kwenye faili la huduma, sasa inagoma kuwaka: haina ruhusa ya poti 80, mlango wa kawaida wa wavuti. Nifanyeje?
Mwalimu wa TEHAMA, Iringa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mkaguzi yuko sahihi. Programu inayopokea maombi ya kila mwanafunzi haina sababu ya kushika funguo za seva nzima.

Kwenye Linux, kwa kawaida poti zilizo chini ya 1024 hufunguliwa na mwenye madaraka tu. Utashauriwa ushushe kiwango hicho kwa mpangilio wa Linux uitwao net.ipv4.ip_unprivileged_port_start. Inafanya kazi, lakini umewaruhusu watumiaji wote wa seva, si mtumiaji maktaba peke yake. Mimi sipendi.

Mwachie systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, afungue poti. Yeye tayari ni root. Kando ya maktaba.service tengeneza /etc/systemd/system/maktaba.socket, na chini ya [Socket] uandike ListenStream=80. Chini ya [Install] weka WantedBy=sockets.target. User=maktaba ibaki palepale ilipo. Ombi la kwanza likifika, systemd anaiwasha Gunicorn ikiwa tayari mtumiaji wa kawaida, na kuikabidhi soketi (njia ya kupokelea maombi) iliyokwisha kufunguliwa, ambayo Gunicorn huiona kama faili namba 3. Gunicorn huitambua kwa kusoma kigezo cha mazingira LISTEN_FDS, kwa hiyo --bind, inayotaja poti, haihitajiki tena; ifute.

Zingatia mpangilio. Simamisha huduma kwanza na uizime kwa disable, kisha daemon-reload, ndipo systemctl enable --now maktaba.socket. Ukiiacha huduma inaendelea, systemd atakataa kuwasha soketi. Ukitazama kwa ss -ltnp kabla ya ombi la kwanza, utaona poti 80 imeshikwa na systemd. Ndivyo inavyotakiwa. Mwanafunzi wa kwanza asubuhi atasubiri kidogo Python ipande. Maombi ya wenzake yatapanga foleni, hayatapotea.

Sasa penye kero yenyewe: mafaili. Kila kilichoandikwa wakati wa root bado ni mali ya root. Kama orodha ya vitabu iko kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja, mpe maktaba umiliki wa faili pamoja na folda yake kwa amri ya chown, kwa sababu SQLite huunda faili la muda pembeni kila inapoandika. Ukisahau folda, kutafuta kitabu kutakubali, kuazimisha kutakataa, nawe utailaumu soketi bure.

Ukikuta mafunzo yanayotumia systemctl --user, jua hiyo ni njia nyingine. Huko systemd mwenyewe anaendeshwa na mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo poti 80 itamshinda vilevile. Kwa 8080 inatosha, ila uamuru loginctl enable-linger maktaba, la sivyo huduma itazimika mtumiaji huyo akitoka. Na huko User= usiiandike.